Matawi Mabichi Chini ya Kagio

Kosa ninaloliungama hapa ni kiburi: kiburi cha mtu anayetenda wema ili aonekane. Nina umri wa miaka hamsini na miwili, ni mwalimu wa sekondari na mzee wa kanisa hapa Ruring'u, Nyeri. Nimewakanya vijana wengi dhidi ya kosa hilohilo.

Dhoruba ya mvua ilipogharikisha mashamba ya mpunga chini ya Kagio, niliandaa msafara wa baiskeli kuwapelekea waathiriwa blanketi na dawa. Tulikuwa tisa. Mdogo wangu Gichuki, seremala mwenye watoto watatu, hakutaka kuja. Nilimwambia kwamba angeliaibisha jina la baba yetu... akaja.

Karatina wachuuzi walitushangilia. Kagio hakuna aliyetupungia mkono. Kuanzia pale palikuwa na matope meusi, nyumba zisizo na paa, na mbuzi aliyekufa akining'inia kwenye seng'enge. Je, sikuyaona? Niliyaona. Lakini mpiga picha wa gazeti alikuwa akitungoja kwenye kambi ya waathiriwa kabla ya adhuhuri, nami niliitazama saa yangu tu.

Kisha tukakuta matawi mabichi yamepangwa katikati ya barabara. Kwetu Nyeri matawi humaanisha kwamba lori limeharibika mbele. Mtu huyakwepa na kuendelea. Gichuki akafunga breki.

"Mwalimu, mbele hakuna lori," akasema. "Hii matawi iko na maana ingine. Wacha tushuke tuulize huyo mama."

Alimaanisha mwanamke aliyekuwa ameinama shambani, hatua chache kutoka barabarani.

"Ati unaogopa majani?" nikamjibu mbele ya wote. "Basi rudi nyumbani ukachunge mbuzi."

Wenzetu wakacheka. Gichuki hakucheka. Aliyazunguka matawi, akatangulia... na lami ikakatika chini yake. Maji yalikuwa yamekula udongo wote, pakabaki tabaka jembamba la juu.

Yule mwanamke alikuja mbio, akajifunga kamba kiunoni, akaagiza tuishike, akaingia shimoni. Alimtoa Gichuki akiwa hai, lakini uti wa mgongo ulikuwa umevunjika.

Baya zaidi nililitenda hospitalini. Mama yetu alipouliza, nilisema kwamba Gichuki alikaidi amri yangu ya kusimama. Wenzetu wakanyamaza kwa kuniheshimu. Mke wa Gichuki akanishukuru kwa kujaribu kumzuia... nami nikazipokea shukrani hizo! Gichuki alinitazama kutoka kitandani, asinikanushe. Ni mtu wa namna gani awezaye kuyavumilia macho yale kwa majuma mawili?

Siku moja yule mwanamke alikuja na chupa ya uji kumwona mgonjwa. Akaniita kando.

"Mzee, hiyo matawi ni mimi niliweka. Na vile ulimwambia, nilisikia. Utasema wewe, ama niseme mimi?"

Nilisema mwenyewe, mbele ya wote. Mama hajazungumza nami tangu hapo. Gichuki hatasimama tena; amenisamehe, na msamaha wake ni mzito kuliko hasira ya mama.

Msomaji mwenzangu, ukiwaendea watu waliofikwa na maafa, shuka uwaulize wenyeji. Na ukikosa, sema siku hiyohiyo, kabla uongo haujauzoea ulimi wako. Mimi sikuweza peke yangu. Aliyemtoa ndugu yangu shimoni, kisha akanishurutisha kusema kweli, ni mkulima wa mpunga aitwaye Lydia Wanjira.