Mume Wangu Alioa kwa Ng'ombe wa Mshahara Wangu

Mkono wangu wa kulia ulikuwa ndani ya ng'ombe mpaka begani, ndipo nilipouona mshono.

Kovu refu, ubavuni, linashuka kuelekea pajani.

Jamani, fundi anaujua mshono wake. Ule ulikuwa wangu! Niliushona mimi, kwa mikono yangu!

"Baba Kashinje," nikamwambia taratibu mwenye boma, hapo Kasekese, "huyu ng'ombe umempata wapi?"

"Wa mahari huyo, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma chake. "Nimeletewa na mkwe wangu, anamuoa binti yangu Minza."

"Mkwe wako nani?"

"Karani wa tumbaku, pale Mpanda mjini. Anaitwa Josephat. Unamfahamu?"

Namfahamu???

Asubuhi ileile nilimpigia pasi shati jeupe! Akaniambia anakwenda Katumba, kwenye mizani ya tumbaku!

"Namsikia tu," nikajibu.

Nikauma meno, nikaendelea kuutafuta mguu wa ndama uliokunjika humo ndani. Ng'ombe hana kosa. Kosa lilikuwa limevaa shati langu la pasi.

Kabla sijaendelea, ngoja nimjibu yule mama aliyeuliza juzi humu kwenye grupu. Eti mwanawe anataka kusomea udaktari wa mifugo, je wanalipwa vizuri? Halafu likatokea jitu likakomenti: "Daktari wa ng'ombe naye daktari? Hahaha!"

Cheka. Nakuja kwako mwishoni.

Mimi naitwa Theopista, Mfipa wa Sumbawanga. Mwaka 1994 nilitoka Morogoro na digrii yangu, nikapangiwa Mpanda. Enzi hizo Katavi haijawa mkoa, tuko Rukwa. Mshahara wa kwenye karatasi ulikuwa mmoja mkoa mzima. Mfukoni sasa... wapi!

Mwenzangu aliyebaki Sumbawanga mjini alitibu ng'ombe wa maziwa wa mabosi, jioni akimaliza kazi, analipwa taslimu. Aliyewekwa kukagua nyama machinjioni hakujua maini yanauzwaje. Mimi nikapewa baiskeli na vijiji, Kabungu huko, Kasekese huko, jua lote langu.

Na dawa za bure zilikuwa zimekwisha, majosho yamekauka, mfugaji ajinunulie mwenyewe. Mwenye pikipiki alimwahi mgonjwa, akapona, akalipwa. Sisi wa baiskeli tulikuta ngozi imeshaanikwa. Nani akulipe kwa mzoga? Unatukanwa tu.

Halafu uwe mwanamke! Mwanaume akitibu ndigana, homa ya kupe ile, anapewa mbuzi. Mimi nikitibu ndigana hiyohiyo napewa kuku na salamu: "Bibi mifugo, msalimie mzee nyumbani." Nilikuwa narudi na kuku kaning'inia kwenye usukani, nimevimba kwa hasira.

Mpaka fisi alipompasua mtamba wa mzee Mabula, kule Kabungu.

Matumbo yanaonekana. Watu wameshanoa visu, wanagombania nyama ya ubavu. Nikawafukuza wote, nikashona. Mtamba akasimama.

Mabula ni Msukuma mwenye ng'ombe wengi, na neno lake halirudi nyuma. Akasema mbele za watu:

"Huyu alikuwa nyama. Aliyemtoa kwenye nyama ndiye mwenyewe. Mayu, mtamba ni wako."

Kuanzia hapo wafugaji wakaanza kunilipa mitamba. Nyumba yangu ya mjini haina zizi, kwa hiyo ng'ombe wangu wote walikaa kwa Mabula, kama desturi yao ilivyo. Yeye anachunga, anakunywa maziwa, uzao ni wangu. Hiyo ndiyo ilikuwa akiba yangu. Mshahara wa serikali ulikuwa wa unga na mafuta ya taa.

Na Josephat? Alicheka!

"Msomi mzima unalipwa ng'ombe wa porini," alikuwa akisema mbele ya marafiki zake. "Digrii ya kuingiza mkono matakoni mwa ng'ombe!"

Kumbe mwenzangu anacheka huku anapiga hesabu.

Basi turudi Kasekese.

Ndama akatoka. Jike, mzima, anapiga chafya. Nikachukua maji ya moto ninawe, msichana mmoja akaniletea sabuni. Amepaka mafuta, shanga shingoni, khanga mpya.

"Wewe ndiye Minza?" nikamuuliza.

"Ndiyo mimi. Leo naolewa."

"Hongera. Mumeo hana mke?"

Akabetua mdomo.

"Anaye, mmoja mgumba huko mjini. Amesema anamrudisha kwao Ufipa. Nyumba inakuwa yangu."

Sabuni ikaniponyoka.

Ndugu zangu, ndoa yetu haikuwa na mtoto. Nililia kwa hilo peke yangu, kimyakimya, nikiamini mume wangu analia na mimi. Kumbe siri ya chumba changu inasimuliwa mpaka zizini Kasekese!

Nilitamani nimzabe kibao yule binti. Nilitamani nimzabe kila mtu.

"Ujira wako, mayu?" Kashinje akauliza. "Nikupe nini?"

"Nitachukua baadaye. Namsubiri mkwe."

Hakukaa sana. Vumbi likatimka njiani, mzee Mabula mbele na fimbo yake, kaja kama shahidi. Nyuma yake ng'ombe, mali iliyobaki ya mahari.

Ng'ombe wangu. Wote! Hata mmoja hakubakishwa!

Na nyuma kabisa, shati jeupe.

"Theo...!" Josephat akasimama ghafla. "Unafanya nini hapa?"

"Nafanya kazi. Ileile unayoicheka."

Kashinje akatutazama kwa zamu.

"Nyie mnajuana?"

"Ni mume wangu," nikasema, kwa sauti ya kusikiwa na boma zima. "Yule mgumba wa mjini ni mimi. Na ng'ombe hawa ni ujira wangu. Huyu aliyezaa leo, kovu lake nimelishona mwenyewe. Mzee Mabula huyo hapo, muulizeni!"

Mabula alishtuka mpaka akaangusha fimbo.

"Ni wake kabisa," akasema. "Huyu bwana alikuja akasema katumwa na mkewe. Mume akija na salamu za mkewe, wewe unamuuliza nini? Nikafungua zizi."

"Kwa hiyo..." Kashinje akavimba. "Kwa hiyo binti yangu anatolewa kwa ng'ombe wa wizi? Mnaniletea wizi kwangu?"

Akapuliza filimbi!

Mliozaliwa juzi hamjui filimbi ya sungusungu. Ikilia, kila mwanaume anaacha jembe. Miaka ile mwizi wa ng'ombe hakufika polisi, aliishia hapohapo. Vijana wakaingia na marungu, wengine na mishale, wakamzunguka mume wangu. Mmoja akalishika lile shati jeupe kifuani, vifungo vikaruka.

Josephat akapiga magoti kwenye samadi.

"Sikuiba! Mke wangu alinituma! Theo, waambie! Waambie ulinituma!"

Macho yote kwangu.

Akanisogelea kwa magoti, akaninong'oneza:

"Ukikataa wananiua. Ukikubali tutayamaliza nyumbani. Utabaki kuwa mke mkubwa."

Na akatabasamu. Kidogo tu, pembeni ya mdomo... lakini niliona!

Alijua siwezi kuacha kiumbe afe mbele yangu. Alijua nikisema "hapana" damu yake iko juu yangu. Nikisema "ndiyo", kazi yangu yote ya jua na matope imekwenda, na nyumba imekwenda. Alikuwa amenifunga kamba pande zote mbili.

Lile tabasamu ndilo lililomponza.

"Ni kweli," nikasema. "Nilimtuma."

Marungu yakashuka. Josephat akashusha pumzi ndefu.

"Mnaona?" akaanza kujifuta magoti. "Si niliwaambia..."

"Nilimtuma aniolee."

Josephat akaacha kujifuta.

"Akuolee nini?" Kashinje akauliza.

"Mke. Baba Kashinje, mimi Mfipa, mila zenu nazisikia tu, nifundisheni. Hapa kwenu, anayeoa ni nani? Mwenye ng'ombe, au mwenye kuwaswaga njiani?"

Mabula ndiye aliyeelewa kwanza. Akaanza kutikisika mabega, kicheko kikampasuka mpaka akashika mti wa zizi.

"Ng'ombe ndio wanaooa, mayu! Mimi baba yangu aliniolea mke, kwa ng'ombe wake. Siku nataka kumfukuza, baba akaniambia: ondoka wewe, huyo mke ni wa ng'ombe wangu! Nikaondoka kweli, nikalala kwa jirani!"

"Upuuzi!" Josephat akafoka. "Mwanamke aoe mwanamke? Mimi ndiye bwana harusi hapa!"

Kashinje akainama usoni pake.

"Sikiliza, kijana. Kama mama daktari kaoa, wewe ulikuwa mshenga wake, umefanya kazi nzuri, nenda salama. Kama wewe ndiye uliyeoa, basi ng'ombe wa mtu umewatoa bila ruhusa. Chagua. Mshenga au mwizi?"

Mmoja wa vijana akageuza rungu mkononi.

"Mshenga," Josephat akasema chinichini.

"Hatusikii!"

"Mimi ni mshenga!"

Boma lilicheka, wanawake wakapiga vigelegele vya kebehi. Mimi sikucheka. Mkono ule wa kulia ulikuwa bado unaniuma.

Mara, paaa! Beseni likatupwa chini.

"Na mimi je?" Minza akapiga kelele. "Mshenga, mwizi, mwenye ng'ombe... mimi nani kaniuliza? Mlitaka niende kwa mume, sasa mnanipa mwanamke! Mimi ni debe la mahindi?"

Hapo nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Haya, nakuuliza mimi. Unataka nini?"

"Nilitaka kusoma," akasema, machozi yanamtoka kwa ghadhabu. "Baba akasema la saba latosha. Nikaona heri mume wa mjini kuliko jembe la hapa."

"Mimi sitaki mke, Minza. Nataka mtu wa kunishikia kamba ng'ombe akirusha mateke. Ukiweza kazi, kuna chuo cha mifugo, nitakusomesha. Hutaki, baki kwenu. Nachukua ng'ombe wangu, hatudaiani."

Akanitazama. Akamtazama Josephat na shati lake lisilo na vifungo. Akanitazama tena.

"Kamba yenyewe iko wapi?" akauliza.

Kashinje akabaki na ng'ombe kwa halali. Nikaagana naye, nikashika baiskeli. Akaniita.

"Mayu, ujira wa leo hujachukua." Akaonyesha yule ndama jike niliyemvuta. "Huyo ni wako. Atakua hapa. Na mtu akija na salamu zako, namfungia zizini na yeye!"

Yule ndama alikuja kuzaa, na uzao wake ndio uliomlipia Minza ada ya chuo.

Josephat hakumaliza msimu ule wa tumbaku. Kila alikopita Mpanda, kuanzia sokoni mpaka stesheni, watoto waliimba: "Mshenga! Mshenga!" Akapanda treni ya Tabora, na mimi sikwenda kumuaga.

Kwa hiyo wewe mama uliyeuliza, mwache mtoto akasomee mifugo. Ila usimtajie mshahara wa kwenye karatasi, huo hauelezi kitu. Muulize atapangiwa wapi, atatembelea nini, na wale wa huko wanafuga au wanalima tu. Kama ni binti, mwambie watataka kumlipa kuku kwa kazi ya mbuzi. Akatae!

Na akishalipwa, atangaze mbele za watu: hiki changu, na akitaka kukitoa atakuja mwenyewe. Usiruhusu salamu ya "nimetumwa" itoe chako, hata ije na mtu unayelala naye. Mimi wezi wa porini sikuwahi kuwaona. Wa kwangu nilikuwa namwekea chai.

Macho yangu siku hizi hayaoni herufi ndogo. Mimi nasema, mwanangu anachapa. Ana duka lake la dawa za mifugo na pikipiki yake, wafugaji wanampigia simu hata kutoka Kabungu, na kuku hapokei. Ndiyo, Minza. Ananiita mama. Ng'ombe wangu wote walikwenda siku ile, na sijawahi kulipwa vizuri zaidi ya hapo.

Sasa wewe uliyekomenti "daktari wa ng'ombe naye daktari".

Umeweka jina la bandia. Lakini Minza aliikuza picha yako ya profaili, akaniletea karibu na jicho. Mimi huwa sisahau nilichowahi kukishona wala nilichowahi kukipigia pasi.

Umezeeka, Josephat.

Na shati jeupe bado unavaa. Mbona limekunjamana hivyo?