Mawe ya Fundi wa Kale

Mama Pacha alipikia nje. Upepo ukivuma, moshi ulimwingia machoni. Mvua ikinyesha, moto ulizimika, na pacha wake wakanywa chai ya vuguvugu. Mumewe alikuwa fundi wa kujenga, tena hodari. Kinyozi hajinyoi, lakini huyu alizidi.

Siku moja Fundi aliona aibu. Katika shamba lao la mteremkoni palikuwa na safu za mawe. Jembe liligonga pale kila msimu.

"Haya mawe ni kero tu," alisema. "Nitayang'oa nikujengee jiko."

Mama Pacha alipiga vigelegele. Safu ya juu ikang'olewa yote. Chini ya mawe walikuta vigae vya chungu na jiwe la kusagia. Fundi alivisukuma kando. Ukuta wa jiko ukafika kiunoni.

Kisha mvua kubwa ikanyesha. Asubuhi Mama Pacha alikwenda shambani, akashika kichwa. Maji yalikuwa yamechimba mfereji katikati ya mahindi machanga. Udongo mzuri ulikuwa barabarani. Shamba hilo ndilo lililowalisha. Mama Pacha alilia.

"Wenzetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta," alimwambia mumewe. "Wewe umebomoa ukuta, ukatuletea ufa!"

Jirani yao, mwanamke aliyefanya kazi makumbusho, alisikia kilio akaja. Aliinama kutazama vigae.

"Shemeji, yale mawe yalikuwa makinga maji," alisema. "Ona safu zilizobaki. Zote zinakatiza mteremko. Wakulima wa zamani waliyapanga ili maji yapunguze kasi na udongo ubaki."

"Umejuaje? Walikuambia?" Fundi aliuliza.

"Vitu vyao vinasema. Hiki ni kigae cha chungu chao. Jiwe hili limelika katikati kwa kusaga nafaka. Waliishi hapa, wakalima hapa."

Macho ya Fundi yaling'aa. "Basi nichimbe zaidi. Huenda walizika dhahabu!"

Jirani alicheka. "Dhahabu yao ndiyo hiyo iko barabarani. Sikia, shemeji. Ukikuta vitu vya kale, acha kuchimba. Usivihamishe. Weka alama, utoe taarifa makumbusho. Kitu kikishahamishwa, ni vigumu kujua habari zake."

Wataalamu wa makumbusho walikuja. Walipima na kupiga picha. Kisha walimwonyesha Fundi alama za safu ya zamani kwenye udongo. "Mawe yarudi hapa," walisema.

Fundi aliutazama ukuta wa jiko. Halafu akamtazama mkewe.

"Bomoa," Mama Pacha alisema. "Moshi nimeuzoea. Njaa sitaizoea."

Fundi alirudisha mawe. Kwenye safu ya pili aliona jinsi yalivyopangwa. Makubwa yaliegemea upande wa juu, na madogo yaliziba nyuma yake. "Fundi huyu wa kale alijua kazi," alinong'ona. Akapanga vivyo hivyo.

Walipanda upya. Mvua ikarudi kwa nguvu. Maji yalifika kwenye mawe, yakatulia, yakapita polepole. Udongo ulibaki. Msimu ule walivuna vizuri, na baada ya mavuno Fundi alijenga jiko kwa matofali ya udongo.

Siku ya kwanza ya kupika ndani, Mama Pacha alimtafuta mumewe wale pamoja. Alimkuta shambani, mkono wake juu ya jiwe.

"Unaongea na nani?"

"Na fundi mwenzangu," alisema. "Nilikuwa sijamwomba radhi."