Ukurasa Mweupe wa Barabara ya Beni

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Kavira aliwauliza madereva wa pikipiki wa Butembo hali ya barabara ya Beni, kisha akaiandika kwenye ukurasa wa intaneti wa klabu ya kompyuta. Penye hatari, tangazo jekundu lilitokea simuni. Lisipotokea, madereva waliondoka bila wasiwasi. Ndiyo mazoea yao.

Jumatatu Kavira alipamba ukurasa kwa amri mpya kabisa ya lugha ya programu. Mwalimu Kalala, msimamizi wa klabu, akamuuliza, "Umejaribu kwenye simu za zamani?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Uongo mtupu! Alikuwa amejaribu kwenye kompyuta mpya ya shule tu.

Jumanne risasi zililia njiani. Kavira akaandika: MUSIPITE! Lakini simu ya kaka yake, Nzanzu, naye dereva wa pikipiki, ilikuwa kuukuu. Haikuielewa amri ile, ikaonyesha weupe tu. Nzanzu akawasha pikipiki, akaenda.

Waviziaji walimpiga risasi ya bega, wakamponda kwa vitako vya bunduki hadi akazimia, wakachoma pikipiki. Wanajeshi walimwokota akivuja damu.

Saa nne madereva wenzake walivamia shule, wakavunja madirisha kwa mawe. "Ukurasa wenu ulikuwa mweupe! Nani alituuzisha kwa waviziaji?" Mmoja akamkaba Mwalimu koo.

Kavira akajitupa katikati, akilia. "Mumuache! Ni miye! Nilisema nimejaribu kwenye simu za zamani, mais sikujaribu!"

Mikono ikalegea. Mwalimu akakohoa, akasema kwa hasira, "Sikieni basi! Amri mpya huanza kama pendekezo. Kamati ya wataalamu hulijadili na kulijaribu, hata miaka, ndipo hulipitisha kuwa kanuni. Kisha kila mtengenezaji wa kivinjari, ile programu ya kufungulia intaneti, huiingiza katika toleo lake jipya. Nani hapa anamaliza mega zake za intaneti kuleta toleo jipya?"

Madereva wakatoa simu zao mifukoni. Siku hiyohiyo Kavira aliandika ukurasa upya kwa amri za zamani, akaujaribu kwenye simu ya kila dereva, moja baada ya nyingine. Tangazo jekundu likatokea kote.

Hospitalini, Nzanzu aliuliza kwa midomo iliyovimba, "Batu ba parking, madereva wenzangu, beko banaona tangazo?"

"Bote banaona, yaya," Kavira akamjibu kaka yake. "Unisamehe."

Mwalimu Kalala, aliyefuatana naye, akamshika Kavira bega. "Kutojua si aibu, mwanangu. Hata wataalamu hujaribu miaka kwa sababu hawajui. Lakini ukisema 'nimejaribu', kuna mutu ataweka roho yake juu ya neno hilo."