Kadi Iliyosafiri Peke Yake

Jumamosi ile duka la kutuma masanduku Ufilipino, mjini Winnipeg, lilijaa Wafilipino mpaka mlangoni. Analyn, koti jekundu, theluji bado kwenye buti, alikuwa amekalia sanduku lake ili lifunge.

"Dada, umemweka nani humo?" aliuliza Rodel, mfungaji wa masanduku, utepe wa gundi mkononi.

"Sabuni, nyama za kopo na viatu vya mama. Funga, acha umbea."

"Mifuko ya nguo umeikagua? Kuna mtu alituma meno yake ya bandia."

Analyn alicheka mpaka akateleza kutoka juu ya sanduku. Rodel akaisha kwa mapenzi hapo hapo.

Baridi yote wakaimaliza kwa simu za mchana, supu ya samaki na mabusu ndani ya gari lililokataa kuwaka. Wakapanga Juni waende kwao Iloilo, Rodel na wazazi wake wapige hodi kwa mama Analyn kumposa. Kwao, mwanamume akikwepa hilo ni mhuni.

Aprili Rodel akapoteza kadi yake ya ukaazi wa kudumu. Aliisahau kwenye mfuko wa jaketi alilomtumia binamu yake. Yeye, anayewapigia watu kelele kutwa wakague mifuko! Sanduku lilikuwa baharini. Akatoa taarifa, akaomba kadi nyingine, akaambiwa asubiri miezi. Bila kadi angeweza kuondoka Kanada. Kurudi ndiyo ingekuwa kazi. Aibu ikamfunga mdomo.

"Mpenzi, Juni siwezi," alisema kwenye simu.

"Kwa nini?"

"Kadi ya ukaazi. Ina matatizo."

"Matatizo gani?"

"Ya kiofisi tu."

"Kadi, au mke uliyemwacha kwenu kisiwani Guimaras?"

"Mke gani, Analyn!"

"Basi nionyeshe hiyo kadi."

"Sinayo hapa."

"Msalimie mkeo." Akakata.

Simu za Rodel hakuzipokea tena. Rodel akampigia baba yake Guimaras, akamwaga yote. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Mjinga wewe! Anayeposa si mimi na mama yako? Sisi kuvuka maji kwenda Iloilo tunadaiwa kadi?"

Jioni moja ya Juni, Analyn alikuwa anavua sare yake ya kutunza wazee, simu ya video ikalia. Mama yake alikuwa na gauni la kanisani, nywele zimechanwa upande mmoja.

"Analyn! Kuna watu uani na nguruwe mzima wa kuchoma. Wazazi wa Rodel. Si ulisema mmeachana?"

Analyn akakaa kitandani. "Wanasemaje?"

"Baba mtu anasema mwanawe mpumbavu, katuma kadi yake ya ukaazi ndani ya jaketi, kisha akaona aibu kukwambia. Mke hana. Ameapa kwa Bikira Maria."

"Kwenye jaketi?" Analyn alishika mdomo. "Yule Rodel wa 'kagua mifuko'?"

"Niwakaribishe au niwafukuze? Sema haraka, nguruwe ananukia!"

"Wakaribishe, Mama."

"Na huyo mpumbavu?"

"Niachie mimi."

Akampigia. Mlio wa kwanza haukuisha.

"Mpenzi? Analyn?"

"Vaa shati la maana uje kwangu sasa hivi," alisema, akifuta machozi kwa mkono wa sare. "Mama anataka kumwona mkwe wake, na mimi nataka nikupige kwanza."