Choo cha Zizini

Magharibi hiyo Mwantum alichukua kibuyu cha maji, akajifunga kaniki yake vizuri, akatoka kwenda kujaribu choo kipya.

Choo chenyewe kilikuwa amri, si hiari. Ulikuwa mwaka wa pili tangu gari la moshi lifike Dodoma, na Mdachi wa boma alikuwa ametangaza kwamba kila nyumba iliyo karibu na reli iwe na choo kabla ya Ijumaa. Asiye nacho, hamsa ishirini: viboko ishirini na vitano, mbele ya watu, suruali chini. Watu walicheka kwa sauti ya chini kwamba Mzungu ametoka mbali kote huko kuja kuwafundisha watu wazima kwenda haja. Walicheka, kisha wakaenda kuazima majembe.

Kwa Mwantum na mumewe Halfani, tabu ilikuwa mahali. Walikuwa wageni, Warangi wa Busi waliofuata kazi ya reli, na kijitembe walichopewa huku Mkonze kilikuwa na chumba kimoja tu. Ukinyoosha miguu kitandani unagusa mafiga.

"Tuweke ndoo ndani, pale pembeni," Halfani alikuwa amesema. "Asubuhi nakwenda kuimwaga."

"Pembeni mwa nini? Mwa kitanda au mwa chungu cha ugali?"

Mbele ya nyumba palikuwa na njia ya wapitao. Nyuma palikuwa na mwamba, na sururu ya Halfani ilipopiga pale ilitoa cheche. Likabaki zizi la zamani ubavuni mwa nyumba, lililohamwa siku nyingi. Udongo wake ulikuwa mweusi, laini kwa samadi ya miaka na miaka.

"Hapa," Mwantum akasema, akilikanyaga kwa kisigino. "Hapa hata mimi ningechimba, na tumbo langu hili."

Ni yeye aliyechagua. Baadaye hakuna aliyemlaumu, lakini yeye alijilaumu vya kutosha.

Tumbo lilikuwa la mwezi wa nane. La kwanza lilikuwa limeharibika huko kwao, likamwachia hofu isiyoisha, na tangu hapo hakutaka kitu kingine duniani zaidi ya kumsikia huyu wa sasa akicheza. Na alicheza. Kila jua likizama, mateke mawili matatu, na moyo wa mama yake unatulia.

Choo hakikuwa na mlango. Ua wa mabua ya mtama, umepinda kidogo pale pa kuingilia, basi. Kwa hiyo alipokaribia Mwantum alifanya anavyofanya mtu yeyote mwenye adabu. Alikohoa.

Ndani, mtu akakohoa.

Mwantum akarudi hatua mbili, akageuka pembeni. Kumbe Halfani ameniwahi, akawaza, akacheka kimoyomoyo. Akasubiri. Giza likaanza kuingia. Kisha ikamjia harufu… si ya choo, maana choo kilikuwa hakijatumika. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyovunda, na ngozi mbichi.

"Halfani, bado tu?"

Kikohozi tena. Kikavu, cha taratibu. Cha mtu mzima asiyependa kuharakishwa.

Huyo hakuwa Halfani. Mwantum akaona haya. Labda mzee fulani wa jirani amebanwa njiani.

"Samahani, mzee," akanong'ona. "Taratibu tu. Mimi nakungoja."

"Unamngoja nani?"

Sauti ilitoka nyuma yake. Halfani alikuwa amesimama pale na mzigo wa kuni begani.

Mwantum akanyoosha kidole kuelekea chooni. Halfani akatupa kuni chini, akakimbilia ndani ya nyumba, akarudi na kijinga cha moto, akaingia uani.

Magogo mawili. Shimo. Mabua.

"Hamna mtu," akasema.

Na chini kabisa, ndani ya shimo, mtu akakohoa.

Usiku ule mtoto hakucheza. Asubuhi hakucheza. Mwantum alijibonyeza tumbo, akanywa maji ya baridi, akalalia ubavu huu na ule. Kimya. Alikuwa na hofu hata meno yakagongana, na jua linawaka.

Akaenda kwa jirani yao Hana, Mgogo wa makamo, mkunga wa eneo lile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho hivyo?"

Mwantum akamweleza yote. Hana alikuwa anapepeta uwele. Akaweka ungo chini.

"Nani aliwaambia mchimbe mle? Lile ni zizi la baba yangu. Kwetu sisi mwenye kaya akifa anazikwa zizini, kati ya ng'ombe wake."

"Hatukujua, mama. Kwetu wafu wana makaburi yao kando. Tuliona udongo laini tu…"

Hana akamshika mkono, wakaenda pamoja. Kwenye zizi hakukaribia choo. Alikwenda moja kwa moja upande wa pili, penye vijiwe vilivyozama nusu ardhini, akavigusa kimoja kimoja.

"Baba yuko hapa," akasema. "Hamjamgusa."

Mwantum akashusha pumzi. Kisha akakumbuka kile kikohozi.

"Sasa pale tulipochimba… ni nani?"

Hana aliutazama ule ua wa mabua kwa mbali.

"Pale baba hakuruhusu hata ndama alale. Tulipomuuliza alitupiga. Fukieni, mwanangu. Leo."

Leo yenyewe ilikuwa Alhamisi.

Halfani aliporudi kazini alisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. Askari wa boma angepita kesho asubuhi kukagua vyoo, na kuchimba shimo jingine kwenye mwamba usiku mmoja ni jambo lisilowezekana. Wote wawili walijua hivyo. Mwantum aliogopa kumwomba.

"Ngozi yangu itaota tena," Halfani akasema hatimaye. "Mtoto haoti." Akachukua jembe.

Walifukia jua linazama, yeye kwa jembe, mkewe kwa mikono. Kila udongo ulipoanguka, kile kitu kilikohoa. Kikakohoa. Kikawa kama kinakohoa na udongo umejaa mdomoni. Chini, chini zaidi…

Kikanyamaza.

Na papo hapo tumbo la Mwantum likashtuka. Teke! Kisha jingine! Akaketi palepale kwenye samadi, akalia kwa furaha mpaka Halfani naye akalia.

Kesho yake wakamchapa viboko vyote ishirini na vitano. Hawakumpunguzia hata kimoja. Wenzake wawili wa reli walimleta wamemshika makwapani, wakamlaza kifudifudi kitandani. Mwantum alimbusu kisogo, akamwambia hajawahi kumpenda mtu namna hii.

Hana alikuja na dawa ya majani, akamkanda taratibu mpaka usingizi ukamchukua. Kisha akamgeukia Mwantum. "Na wewe lala hapo nikuone." Mkeka ulitosha kwa shida kati ya kitanda na mafiga.

"Anacheza?"

"Anacheza, mama! Tangu tulipofukia hajatulia. Huku na huku, kwa pamoja."

Hana akatabasamu. Viganja vyake vikazunguka tumbo, vikashuka, vikapanda. Vikasimama.

Vikaanza upya. Kulia. Kushoto. Tena kulia.

Tabasamu lilikuwa limeondoka.

"Mwantum," akanong'ona, akiangalia kama Halfani bado amelala. "Juma lililopita nilikupapasa kwa mikono hii hii."

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa mmoja."