Sifa Hakuomba Msamaha

Kila asubuhi Sifa alikanda unga. Ndiyo ilikuwa kazi yake kwenye tanuri la mikate la Patron Christophe, karibu na soko la Kasongo. Aliianza kabla hajaolewa. Akina mama wauza mikate walikuja na beseni zao, wakamtania juu ya tumbo lake.

"Sifa, unaficha mukate wetu wapi?"

"Huu hauuzwi!" alijibu, na wote wakacheka. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita.

Jumatatu moja Patron alisimama mlangoni. Hakumsalimu mtu.

"Sifa, tumbo imekuwa kubwa. Enda nyumbani. Nimepata mwingine."

"Nimekosa nini, Patron?"

"Hukukosa. Lakini mimi niko na tanuri, siko na maternité ya kuzalisha wamama."

Wauza mikate walisikia wote. Sifa alinawa mikono, akatoka.

Nyumbani alimkuta mumewe Kassimu, ambaye hubeba abiria kwa pikipiki mpaka Salamabila. Mzee Amuri, baba mkubwa wa Kassimu, alikuwa naye barazani. Sifa aliwaeleza yote. Mzee Amuri akaamua palepale.

"Tutabeba jogoo na kikapu cha muchele. Twende kumuomba Patron pardon."

Ndivyo wengi wetu tunavyofanya. Mtu akifukuzwa kazi, ukoo mzima unabeba jogoo na kwenda kupiga magoti. Hatuulizi kwanza nani amemkosea nani! Jambo hili linaniudhi, wala sitalificha.

"Pardon ya nini, baba mukubwa?" Sifa aliuliza. "Mimba iko kosa?"

"Mutoto, mutu habishani na mukubwa wake wa kazi."

"Leo nitabishana naye."

Kassimu naye alikuwa na mpango wake. "Mi nauza pikipiki. Tutamulipa avoka, wakili mukubwa wa Kindu, atutetee."

"Na ukishauza pikipiki, tutakula nini?"

Jirani yao, Mama Anastasie, muuza mawese, alikuwa akisikia yote kutoka uani kwake. Akaja.

"Musiuze kitu. Iko avoka wa kuuliza bure. Siku ya Alhamisi anakaa kwenye salle ya mikutano ya parokia. Mimi alinisaidia juu ya shamba yangu."

Kassimu akakunja uso. "Avoka wa bure? Huyo anakuja kujifunzia kwetu."

"Ni avoka kama wengine. Siku zingine watu wanamulipa. Siku ile anasikiliza bure."

"Lakini parokiani?" Mzee Amuri akasema. "Siye tunasali musikitini."

"Patron alipomufukuza Sifa, aliuliza anasali wapi?"

Alhamisi Sifa na Kassimu walikwenda.

Avoka alikuwa mwanamke, Maître Laetitia. Sifa alianza kueleza kwa kirefu: urafiki wa Patron na marehemu baba yake, harusi ya dada yake Patron, ugomvi wa zamani kule Nyangwe. Maître akamkatiza kwa upole.

"Mama, inje iko watu wengi wananingojea. Niambie tu: unafanya kazi gani, tangu lini, na Patron alisema nini?"

Sifa akasema. Kisha akaongeza, "Ila hatukuandikiana kitu."

"Hata bila karatasi, kazi ni kazi. Nani alikuona ukifanya?"

"Soko yote!"

"Basi hao ndio mashahidi wako. Sikiliza. Sheria inakataza kumufukuza muke kazini juu ya mimba. Na akikaribia kuzaa, anapata congé, mapumziko ya wiki kumi na ine, kisha anarudi kazini mwake."

Sifa alihisi machozi yakimtoka. Hayakuwa ya huzuni. "Kumbe haki yangu ilikuwa pale wakati wote!"

"Tukulipe ngapi ili ufuate mambo hii?" Kassimu aliuliza.

"Leo, hapana. Muende kwanza kwa inspecteur wa kazi, yule wa serikali. Atawaita nyote ili muelewane. Yeye halipwi na ninyi, na bila kupita kwake kesi haifiki mahakamani, tribunal."

"Sasa avoka wa kulipa ni wa nini?"

"Hapa nasikiliza, nakuonyesha haki yako na mulango wa kubisha. Basi. Siandiki mashitaka, sitembei na wewe. Patron akikataa, na kesi ikienda tribunal, hapo utatafuta avoka wa kukufuata. Kwanza mupatane bei, na akupe reçu, karatasi ya malipo. Kama hauna uwezo kabisa, uombe avoka wa maskini, anayefuata kesi bila malipo. Lakini usiuze pikipiki juu ya swali yenye jibu ya bure."

Walirudi na furaha, lakini nyumbani jogoo hakuwepo. Mzee Amuri alikuwa amekwisha kwenda kwa Patron kupiga magoti, tena peke yake.

Hata hivyo Sifa alikwenda kwa inspecteur, akamweleza yote. Inspecteur alipowaita wote, Patron Christophe alikuja akitabasamu.

"Bwana Inspecteur, mzee wao alikuja kwangu na jogoo. Mutu hana kosa, ataomba pardon?"

Wote walimgeukia Mzee Amuri. Alitazama chini. Lakini Sifa akasimama na tumbo lake.

"Baba mukubwa alipiga magoti yake. Yangu haikugusa chini. Patron, sema hapa: nilikosa nini?"

Patron alikohoa.

"Sema!"

Akina mama wawili wauza mikate, mashahidi wa Sifa, wakaingia. "Tulikuwa pale," mmoja akasema. "Alimwambia hakukosa. Alisema hana maternité."

Hapo Mzee Amuri naye akainuka. "Christophe, magoti niliyokupigia nayachukua tena. Muke wa mutoto wangu hakukosa."

Inspecteur akamgeukia Patron. "Umurudishe kazini, ama muende tribunal. Huko na wewe utalipa avoka, tena kwa kesi ya kushindwa."

Tabasamu la Patron lilikuwa limekwisha. Akasema Sifa arudi kesho yake.

Sifa akarudi. Aliomba kiti cha kukalia wakati wa kukanda, akapewa. Siku za kuzaa zilipokaribia, alimwendea Patron.

"Naenda congé. Yule mwingine anishikie kazi. Wiki kumi na ine ikiisha, nitakuwa hapa."

"Na usiporudi?"

"Nitarudi."

Alizaa msichana mzima. Wiki zilipokwisha, alimwachia Mama Anastasie mtoto amlee asubuhi, akaingia kazini mbele ya macho ya Patron. Akakunja mikono ya nguo, akabonyeza donge gumu la unga lililokuwa mezani.

"Nani alikanda unga hii? Leteni maji."