Kijiti Moja ya Dhahabu

Fundi Mbusa wa Nyakasanza, akikusafishia sheni, mukufu yako ya dhahabu, weye mwenyewe unafunga macho. Siongeze kitu. Kuko mama moja alitoka kwake na sheni ku shingo, kufika ku barabara pikipiki tatu zikagongana, juu badereva balizani jua imeanguka chini. Mutu sawa Mbusa hatazaliwa tena mu Ituri, hata mukingoja miaka elfu.

Kazi alikuwa anafanyia ku nyumba, mu kachumba ya nyuma. Maji ya vuguvugu. Sabuni kidogo. Brosi ya meno yenye ilisha kulegea. Anasugua polepole, anasuuza, anakausha na kitambaa ya pamba. Ile njo bamama balikuwa banaona.

Yenye habakuona ilikuwa mu chupa, chini ya kitanda.

Maji kali. Mbele ya kusugua, Mbusa anatumbukiza bijou, sheni ao pete, mule, anahesabu mpaka makumi tano, anatoa. Maji inalamba dhahabu. Bijou inangaa, mama anafurahi, anakwenda na kitu yenye imepunguka kijiti moja, vijiti mbili. Juu siye huku dhahabu kidogo tunapima na kijiti ya kiberiti: kijiti upande moja ya mizani, dhahabu upande ingine. Nani atajua kama kijiti moja imetoka ku pete yake?

Miaka kumi na tano. Kijiti, kijiti, kijiti. Na ile dhahabu ya batu Mbusa akatengeneza hereni za mutoto wake Divine, za kuvaa siku ya ndoa. Kila hereni na majani yake saba. Nzito mpaka paka ya nyumba ilijaribu kuivuta, ikashindwa.

Ijumaa, kesho yake ndoa, jua inaanza kuingia. Mu lupango, inje ya nyumba, bashangazi banamusuka Divine.

"Kesho usilie, Divine, utaharibu poda!"

"Alie juu ya nini? Bruno, bwana yake, njo atalia, siku ataona vile huyu anakulaka!"

Wakacheka. Mu kachumba Mbusa naye akacheka, hereni mu mukono, brosi mu mukono ingine. 

Mara kicheko ikakatika. Yote. Sawa mutu amefunga redio.

"Hodi, fundi."

Mwanamuke alikuwa amesimama ndani tayari. Kitenge nyeusi, kitambaa ya kichwa imeshuka mpaka ku macho. Na harufu... matope. Matope ya muto, yenye imelala siku mingi.

"Mama, leo nimefunga. Tuko na ndoa."

"Ni pete moja tu."

"Rudia jumatatu, mama yangu."

"Na maji ya vuguvugu tu, fundi," akanongona. "Ile ya chini ya kitanda, hapana."

Brosi ikaanguka.

Pete yenyewe ilikuwa imekatika, imefunguka, nyembamba sawa uzi. Mbusa akaitia mu beseni. Akasugua. Maji ikageuka matope. Akamwanga, akaweka ingine. Matope. Ya tatu, matope. Ya inne... Pete moja kadogo, na beseni inne za matope! Ya tano njo ikaanza kutulia, na ndani ya pete akaona maandishi.

C na A.

Alichonga ile maandishi yeye mwenyewe.

Clémence, bibi ya Augustin, muuzaji wa mbao kule Mbunya. Miaka inne ya nyuma alileta ile pete Mbusa asafishe. Ilikuwa nene, dhahabu ya kweli, na tamaa ikamushika Mbusa. Akahesabu makumi tano. Akahesabu makumi tano ingine. Na ingine. Vijiti kumi na mbili! Clémence akavaa pete yake inangaa, akashukuru, hata ndizi akaleta. Kisha siku moja anafua nguo ku muto Nyamukau, pete ikakatika, ikaenda na maji.

Augustin hakuamini. "Umemupa bwana gani?" Akakuja mpaka kwa Mbusa kuuliza: "Fundi, weye unajua kazi. Pete nguvu vile inaweza kukatika yenyewe?"

Na Mbusa akajibu, mbele ya batu: "Dhahabu yenye imepita mu mukono yangu haikatikake."

Ile maneno njo ilimufukuza Clémence. Akaenda kwa shangazi yake, kule Komanda. Hakumaliza mwaka. Walimuzika kule kule, bila pete.

"Mama..." Mbusa akainua pete. "Weye uko nani yake?"

"Vijiti kumi na mbili," akasema mwanamuke. "Rudisha, pete ipone. Njo nitakwenda."

Mbusa akaangalia hereni. Akakata jani moja. Jani ya pili, ku hereni ingine. Akawasha moto, akayeyusha. Ku mizani akapanga vijiti kumi na mbili ya kiberiti. Mwanamuke alikuwa amegeuka, anaangalia ukuta.

Na pale, mukono ya Mbusa ikafanya yenye ilizoea. Kidole ikaenda yenyewe, ikatoa kijiti moja.

Kumi na moja.

Marehemu anajua nini mambo ya mizani? Ile njo aliwaza, bwana. Ile ile.

Akatengeneza pete, akaisuuza, akaikausha vizuri na kitambaa. Mwanamuke akaivaa. Akaigeuza ku kidole, polepole.

"Kumi na moja."

"Ngoja, mama! Ngoja, niko naongeza..."

"Usijisumbue, fundi. Ile moja nitakamata mwenyewe."

Kicheko ya bashangazi ikarudi. Kachumba ilikuwa tupu. Mbusa akatoka mbio mpaka kwa bibi yake.

"Léonie! Mama ya nguo nyeusi amepita wapi?"

"Mama gani? Siye tuko hapa ku mulango tangu saa tisa. Ile dawa yako ya kusafisha itakuua, baba Divine."

Kesho yake, siku ya posho, kanisa ilijaa mpaka batu balikaa ku madirisha. Divine anangaa. Hereni ilikuwa na majani sita-sita, hakuna mwenye aliona. Bruno akakamata pete, akaitia ku kidole ya Divine.

Tinnn...

Pete ikaanguka ku simenti. Batu wakacheka. "Bruno, unatetemeka!" Akaokota, akaitia tena.

Tinnn.

Safari hii hakuna mutu alicheka.

Divine akainua mukono. Kidole ya pete ilikuwa imenyooka, imekauka, nyembamba. Sawa kijiti ya kiberiti. Na ku ncha, fasi ya ukucha, kakichwa kadogo, nyeusi.

Hakuangalia bwana yake. Hakuangalia padri.

"Baba? Hii nini, baba?"

Mbusa alikuwa na fasi ya kusema. Pale pale. Akafungua kinywa, jina ya Clémence ikafika mpaka ku meno...

"Baridi, mama. Ni baridi tu ya asubui."

Banganga ba lopitali wameangalia ile kidole, wameshindwa. Haiumi, haipone. Ile chupa Mbusa aliimwanga mu choo. Na kila magaribi anaingia mu kachumba, anaweka kijiti moja upande moja ya mizani, dhahabu upande ingine, anaacha mulango wazi. Asubui dhahabu iko pale pale. Lakini mizani imelala upande ya kijiti. Anaongeza dhahabu. Imelala. Aliweka hata hereni zote mbili. Imelala, sawa kijiti moja inashinda dhahabu yote ya Ituri.

Anajua haiko dhahabu njo banamuomba.

Jumanne akavaa viatu, akatembea mpaka Mbunya. Augustin alikuwa anapanga mbao, amezeeka mbele ya wakati yake.

"Fundi! Karibu. Unanitafuta?"

Mbusa akasimama. Akaangalia mbao, akaangalia mikono yake.

"Hapana, ndugu yangu. Nilikuwa napita tu."

Akarudi. Hajafika nyumbani, telefone ikalia mu mufuko. Divine.

"Baba," alikuwa ananongona. "Baba... kidole ya pili imeanza."